Mkono wa Mwisho wa Tata Nkulu

Mimi niliiba kwa maiti. Ninalisema hilo mbele ya yote, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la sita na sijui namna nzuri ya kulizunguka neno kama hili. Pia kuna ndugu wa kanisa letu hapa Kolwezi wanaosema kwamba Jémima, binti yangu, alijiletea jini mwenyewe kwa kuvaa kitu cha dunia shingoni. Hapana. Nilimvalisha mimi. Mimi Tharcisse Kazadi, shemasi, baba wa mtoto mmoja.

Tulikuwa wanne: Tata Nkulu, Tata Barnabé, Tata Kisimba na mimi mdogo wao. Kila Jumamosi mchana tulicheza karata uani kwa Nkulu, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Pasta wangu hakujua, na hilo nalo naliungama.

Meza yetu ilikuwa na desturi yake, tuliyoirithi kwa wazee waliocheza kabla yetu. Mmoja akifa, waliobaki wanaketi kwenye kilio, wanachanga karata za meza, wanagawa kwa wanne kama siku zote. Zile kumi na tatu zinazomwangukia marehemu haziangaliwi na mtu yeyote. Zinawekwa ndani ya sanduku, chini ya kiganja chake cha kushoto. Huo ni mkono wake wa mwisho, aende akaucheze anakokwenda. Asipopewa, wazee walisema, anabaki ameketi anasubiri.

Karata zenyewe zilikuwa za Nkulu. Baba yake alizipata kwa mzungu wa reli, zamani za Wabelgiji: mgongo mwekundu wenye picha ya gari moshi, karatasi nzito kama kitambaa, zote hamsini na mbili. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo mikononi mwa mtu wa kambi.

Basi mwaka jana, mwezi wa tano, kijana mmoja aitwaye Merdi, négociant anayenunua madini kwa wachimbaji wa Mutoshi, aliniambia kwamba wakusanyaji wa karata watafanya mkutano wao Kolwezi kwa mara ya kwanza. Sikujua kama kuna watu wa namna hiyo duniani. Yeye mwenyewe anakusanya karata zilizokuwa zikigawiwa ndani ya ndege. Alisema watakuja watu wa Lubumbashi, wa Likasi, hata wa Ndola kule Zambia, na kila mtu atapewa meza yenye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Sharti ni moja tu: pakiti iwe kamili.

Jina langu juu ya meza. Sikulala siku mbili kwa kuliwaza.

Nilimwomba Nkulu aniazime. Alicheka mpaka akakohoa.

"Karata haiko maiti, Tharcisse, ilazwe pa meza bantu bapite banaangalia. Karata ni ya kucheza."

Wiki tatu baadaye alikufa usingizini. Kwenye kilio Barnabé aligawa. Mimi, kwa kuwa ni shemasi, nikachaguliwa kuupeleka ule mkono chumbani. Nilifunga mlango. Nkulu alikuwa amelala ndani ya suti yake ya marron, yaani ya kahawia, ile iliyokaa kwenye sanduku la nguo miaka mingi, na chumba kizima kilinuka naftalini. Mfukoni nilikuwa na karata za kichina, zile za plastiki zenye mgongo wa bluu, ambazo vijana walikuwa wakichezea nje ili wasisinzie. Nilihesabu kumi na tatu za bluu, nikaziweka chini ya kiganja chake. Nyekundu nikazibakiza.

Halafu niliziangalia. Hilo ndilo lililonimaliza. As zote nne. Wafalme wote wanne. Mzee yule miaka thelathini alilalamika kwamba Mungu anamgawia takataka, na siku ya kufa kwake alipata mkono ambao hakuwahi kuupata hai. Mimi nikauweka kwenye koti langu, nikatoka, nikaongoza sala. Zile thelathini na tisa zilizobaki Barnabé alinipa nizitunze, kwa kuwa ni shemasi.

*

Siku ya mkutano, Jumamosi, nilikwenda na Jémima. Ana miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi. Mama yake alikuwa shambani Mutshatsha, na kwenye simu asubuhi ile aliniambia, "Tunza mutoto yangu, kule hatujue bantu." Nikamjibu kwamba ni mkutano wa karata, si vita.

Ukumbi ulikuwa mpana, paa la mabati, madirisha makubwa, jua limejaa ndani. Saa tatu asubuhi. Watu walikuwa wakifungua vitambaa, wakipanga karata zao kwa vidole viwili kama watu wanaoshika kifaranga. Kulikuwa na karata za duara, karata ndogo kama ukucha, karata za matangazo ya bia. Nilikuta meza yangu, ya tisa. KAZADI THARCISSE. Nilisimama mbele ya jina langu nikalisoma mara nyingi, nikatabasamu kama mjinga.

"Tata, mbona sisi tuko na biti bitatu?" Jémima aliuliza. "Bengine bote biko bibili."

Kweli. Kila meza ilikuwa na viti viwili. Yetu vitatu.

"Peleka kimoja kule nyuma," nikamwambia.

Akakipeleka ukutani. Merdi akapita akicheka. "Tata Shemasi! Pasta akipita hapa utasema nini? Ni biblia ya batoto?"

"Enda zako, Merdi."

"Ninaenda, ninaenda. Lakini hiyo mali yako, eh! Bantu ba Likasi bataumwa na wivu."

Kiongozi wa mkutano alikuwa Mama Laure Tshibola, mwalimu mstaafu wa Lubumbashi, miwani imening'inia kwa kamba. Alitueleza desturi yao: kila aketiye mezani huvaa karata moja ya pakiti yake ndani ya kimfuko cha plastiki, kwa uzi shingoni, na siku hiyo anaitwa kwa karata hiyo. "Hatutoboe karata hapa," alisema, "na hatuulizane majina ya nyumbani." Nilijivalisha saba ya uru. Kwa Jémima nikachagua nzuri kuliko zote, dame ya kopa, yule mama mwenye taji na ua. Nikamvalisha kwa mkono wangu.

Ilikuwa moja ya zile kumi na tatu. Naapa sikuwaza hivyo wakati ule. Niliwaza tu kwamba inampendeza.

Mama Laure akaanza kuhesabu zilizobaki, haraka, kidole gumba kikiruka. Ghafla akasimama.

"Tata Saba, uliosha hizi?"

"Hapana, mama."

"Kuna nyingine ziko na maji."

Aliitenga moja, kisha ya pili. Nikaona. Nilikausha kwa kitambaa changu na mikono yangu ikawa ya baridi, maana hatukuwa na tone la mvua tangu mwezi wa nne, na kingo za karata zile zilikuwa na mstari mwembamba wa udongo mwekundu. Mama Laure alinusa vidole vyake. "Naftalini," alisema, akanitazama juu ya miwani, akaandika kwamba pakiti ni kamili, akaenda.

Nilipogeuka, kiti cha tatu kilikuwa mezani.

"Jémima, ulirudisha kiti?"

"Mi? Hapana, tata."

Watu walikuja. Wakasifu. Mzee wa Ndola aliinama mpaka pua ikagusa gari moshi. Wakapiga picha kwa simu, nami nikasahau kiti, nikaeleza historia ya karata kana kwamba baba wa Nkulu alikuwa babu yangu. Uongo ule nao uandikwe. Karibu saa tano Merdi akaja kuazima kiti kwa mgeni wake, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha na kurudi hatua moja.

"Samahani, tata," alisema kwa adabu, lakini si kwangu.

"Unaomba nani samahani?"

"Si muzee ule mwenye suti ya marron. Sikumuona anaikala."

"Merdi. Mzee gani?"

Akatazama kiti. Akanitazama mimi. Kicheko chake chote kiliisha usoni. "Alikuwa hapa," alinong'ona. "Tata, alikuwa hapa, aliniangalia."

Nikakaa chini. Nikazichukua karata ili mikono yangu ipate kazi, na katikati ya nyekundu nikaona moja ya bluu. Ya plastiki. Imepinda kwa unyevu, imeganda tope. Nilihesabu: as ya shupaza haikuwepo, na mahali pake palikuwa na mbili ya pau ya kichina, ileile ambayo mimi mwenyewe niliiweka ndani ya sanduku. Nilifumba macho nikasema Baba Yetu. Nilipofumbua zilikuwa tatu.

Kisha nikasikia kugonga. Nkulu, kabla ya kucheza, alikuwa akigonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Tak, tak. Ilitoka upande wa kiti kitupu, polepole, kama mtu asiye na haraka.

"Ni nani anagonga?" Jémima aliuliza.

"Pengine ni paa. Jua."

Nilitaka kukusanya vitu twende. Ndugu zangu, nilitaka, lakini jina langu lilikuwa pale na watu walikuwa wakija, na moyo wangu wa kiburi ukaniambia dakika tano tu, dakika kumi tu, na kila nilipochungulia ndani ya pakiti nyekundu zilikuwa zimepungua na bluu zimeongezeka, sita, nane, tisa, na harufu ya udongo uliochimbwa saa ileile ilikuwa inapanda kutoka chini ya meza na kuingia puani pamoja na naftalini, na ukumbi mzima wenye watu mia na jua la saa sita ukawa kwangu kimya kama chumba kile nilichofunga mlango.

Tak, tak.

Safari hii haikutoka kitini. Niligeuka. Alikuwa Jémima.

Binti yangu hajui karata. Nilimkataza tangu mtoto, nikimwambia ni dhambi, huku mimi kila Jumamosi niko mezani. Lakini alikuwa ameketi ameinama kidogo kama mtu mwenye mgongo mbovu, na mikononi mwake pakiti ilikuwa ikichangwa upesi na kwa ufundi, kidole gumba kikienda ulimini kulowa na kurudi, vilevile kama Nkulu, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo, na alipopumua nilisikia naftalini ikitoka kinywani mwake.

"Jémima."

"Ndiyo, tata." Sauti ilikuwa yake. Macho hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye kiti.

"Weka chini karata."

"Anasema bado moja."

"Nani anasema?"

"Ule tata. Anasema bote bamerudi, bado moja." Akainua mkono taratibu akaugusa uzi shingoni. Ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri dame ya kopa ilikuwa inaelea majini, maji mekundu. "Anasema ni mi. Njo mi wa mwisho. Tata, miguu yangu iko baridi."

Nilitazama chini. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimejaa udongo mpaka juu, na udongo ulikuwa unazidi kupanda kifundoni, bila mtu kuumwaga.

Nilijaribu kukata ule uzi. Haukukatika. Nilivuta, naye akalia kama nimemng'oa jino, na damu ikatoka shingoni. Mama Laure na Merdi walikuja mbio. Nikakumbuka mke wangu kwenye simu: tunza mutoto yangu. Nikampigia Barnabé.

"Tata, ni mimi. Njoo pa salle, kule kwa mkutano wa karata. Mbio."

"Kuko nini?"

Alisikia nikilia. Kisha akauliza, pole kabisa, "Tharcisse, wewe uliweka nini chini ya mukono ya Nkulu?"

*

Barnabé alikuja amepanda moto-taxi, amevaa pajama chini na koti juu, mzee wa miaka themanini na miwili. Hakunisalimu. Alikitazama kile kiti, akavua kofia.

"Karata ngapi zimerudi kwake?"

"Kumi na mbili. Ya mwisho iko kwa Jémima."

"Uliangalia mukono?"

Nilitazama viatu vya Jémima.

"Mi nakuuliza, uliangalia?"

"Niliangalia."

Alipumua kwa nguvu. "Njo maana. Mukono yenye kuangaliwa na mutu mwingine haiko yake tena. Anavuta, lakini iko macho yako ndani. Umurudishie kwa kinywa. Moja, moja. Hapa, bantu bote basikie ulifanya nini."

"Tata, mbele ya watu wote?"

"Wewe unataka jina ao mutoto?"

Udongo ulikuwa umefika magotini. Jémima alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la mzee asiye na meno ya juu, na midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nilipanda juu ya kiti changu. Nilipiga kelele mpaka ukumbi ukageuka. Nikasema: mimi ni mwizi, karata hizi si za babu yangu, ni za Nkulu, nilimuibia ndani ya sanduku lake nikaomba juu yake kwa mikono ileile. Niliona simu zikiinuliwa. Niliona Mama Laure akiliondoa jina langu mezani na kulikunja.

Kisha nikashuka, nikapiga magoti mbele ya kiti kitupu, nikaanza kutaja. As ya kopa. As ya shupaza. As ya uru. As ya pau. Kwa kila moja, upande wa pili wa meza kitu kiligonga, tak. Wafalme wanne. Kumi ya shupaza. Kumi ya uru. Vale ya shupaza. Vale ya kopa. Kumi na mbili. Hapo nikasita, kwa sababu niliogopa kwamba nikiitaja ile ya kumi na tatu ninampa na shingo iliyoivaa, na kwa mara ya kwanza nilisikia pumzi kutoka kitini, nzito, karibu na uso wangu, ya mtu aliyengoja sana na sasa ameinama mbele ili asikie vizuri.

"Taja," Barnabé alinong'ona.

"Dame ya kopa," nikasema. "Karata ni yako, Tata Nkulu. Mtoto ni wangu."

Hakuna kilichogonga.

"Karata ni yako," nikarudia, na sasa nilikuwa nalia kwa sauti. "Mtoto ni wangu. Kama mkono haujatosha, niko hapa mimi. Lakini mtoto ni wangu."

Uzi ulikatika wenyewe. Kimfuko kilianguka mezani kikapasuka, na dame ya kopa ikateleza na yale maji mpaka mbele ya kiti kile, ikageuka uso chini. Hakuna aliyeigusa. Kisha miguu ya kiti ilikwaruza sakafu, kama mtu anayesogea nyuma asimame. Jémima akaniangukia mikononi akitapika maji mekundu, na neno lake la kwanza lilikuwa "mama".

Jioni ileile, jua bado liko juu, mimi na Barnabé na Kisimba tulizifukia karata zote nyekundu kaburini kwa Nkulu, na zile kumi na mbili alizochukua tulizikuta juu ya udongo zikitungoja, kavu, zimepangwa uso chini. Barnabé aliongeza dame bila kuiangalia. Kanisani nilivuliwa ushemasi. Ilikuwa haki. Nikadhani yameisha.

Mwezi mmoja baadaye Merdi alimtumia Jémima picha aliyoipiga asubuhi ile. Jémima anacheka, na kando yake kuna mgongo wa mtu mwenye suti ya marron. Usiku ule kucha za binti yangu ziliingia udongo. Ikaja ya pili, kutoka Likasi: yule mtu amegeuka nusu. Akaumwa siku tatu. Ya tatu ilitoka Ndola, na hapo ametugeukia kabisa. Nilimnyang'anya simu, lakini alikuwa ameshaona, nami niliona. Nilicheza na Nkulu miaka thelathini. Suti ni ya Nkulu. Uso si wa Nkulu, na sijui ni nani aliyekuwa amepata kiti kitupu akakikalia pamoja naye, wala kwa nini bado anamtazama mtoto wangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulikuwa katika ukumbi ule Jumamosi ile na ulipiga picha ya meza ya tisa, nakuomba uifute. Usiikuze kwanza ili uone. Na tafadhali, usimtumie Jémima.